Mwaka wa Chumba cha Tatu

Habari ya kifo cha Mzee Shija ilinikuta darasani, nimesimama mbele ya vijana kumi na wanane na kompresa iliyopasuliwa mezani. Ujumbe ulitoka kwa muuza nyama mmoja wa sokoni Shinyanga ambaye friza lake huwa nalitengeneza mimi, na aliuandika kwa mkato, kama habari asiyodhani ingenigusa: baba yake Minza, yule mliyefanya naye kazi zamani, amefariki kwao Mhunze, wanazika Jumanne. Niliirudisha simu mfukoni nikaendelea na somo. Lilikuwa somo ninaloweza kulifundisha hata nikiamshwa usingizini, la namna ya kuibana chila, mtambo mkubwa wa baridi wa biashara, isile umeme mwingi saa za jioni, saa ambazo nchi nzima inawasha taa, pasi na televisheni kwa mpigo. Unapunguza nguvu ya mtambo mpaka nusu, nikawaambia, halafu unachagua baridi iliyobaki iende wapi. Kijana mmoja akauliza, "Madamu, na kule isikokwenda?" Ni swali zuri. Kila mwaka lazima mmoja aliulize, na kila mwaka ninalo jibu la kitaalamu.  Siku hiyo niliwaambia waifunike kompresa, nikatoka nikakaa kwenye ngazi za karakana.

Ya kwetu nilikotoka nitayaacha, hayana kosa lolote katika jambo hili. Inatosha kusema kwamba nilifika Shinyanga nikiwa na miaka ishirini na saba, cheti cha ufundi wa majokofu kwenye bahasha ya kaki, jina la Kiislamu, Kiswahili cha mjini, na simjui mtu. Nilipanga chumba Ngokolo, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mimi ni mtu wa vipimo. Nikiingia mahali, kabla sijaona sura za watu nimeshajua pana nyuzi ngapi za joto, na chumba kile mwezi wa kumi kilifika thelathini na nne saa sita ya usiku. Upande wa pili wa ukuta waliishi wenye nyumba, familia ya watu tisa, na kila mchana, kabla sijaenda kazini, niliwasikia wakila. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria, maji ya kunawa yakimiminwa, kisha maneno ya Kisukuma ambayo sikuwa nikielewa hata moja, kisha kicheko cha watu wote pamoja. Nilikaa kitandani na sahani yangu ya wali uliolala, nikicheka nao kidogo. Si kwamba nilijua wanachokicheka. Nadhani mdomo ulitaka tu mazoezi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye ghala la baridi la mfanyabiashara mmoja tuliyemwita Tajiri, kama ambavyo mwajiri yeyote huitwa huku. Alihifadhi nyama ya ng'ombe na mbuzi, nyingi ikiwa ya kulisha kambi za migodini upande wa Kahama na Geita. Palikuwa na vyumba vitatu vyenye milango minene kama magodoro, na chila moja nyuma yake iliyopoza maji yaliyochanganywa dawa yasigande. Maji hayo yalizunguka kwenye mabomba, kila chumba na koki yake. Ukifunga koki, chumba hakipati baridi mpya, kinaishi kwa ile kilichonayo. Chumba cha kwanza na cha pili vilikuwa vya nyama ya migodini. Cha tatu kilikuwa cha watu wa kawaida: wauza bucha wadogo, mama lishe wenye utumbo na makongoro, mtu mwenye sherehe anayeomba mahali pa kuweka mbuzi wake mmoja.

Mwaka ule mvua haikunyesha na mabwawa ya umeme yakakauka. Mgao ukawa wa siku kwa siku, mtaa huu leo, mtaa ule kesho, na mjini kote jenereta zilinguruma milangoni mwa maduka. Shirika la umeme likawaita wenye mitambo mikubwa likawaambia: jipunguzeni wenyewe saa za jioni, au tutawakata kabisa kama wengine. Tajiri akakubali upesi sana. Kwa hiyo kila siku, saa kumi na mbili na nusu jioni, nilitoa ufunguo shingoni, nikafungua kijisanduku kwenye paneli ya chila, nikakizungusha kitufe kutoka asilimia mia hadi hamsini. Kompresa mbili kati ya nne zilinyamaza. Kwa hizo mbili zilizobaki nisingeweza kushikilia vyumba vitatu, na agizo la Tajiri lilikuwa wazi: funga cha tatu. Saa nne ndipo nilipoifungua tena koki na kurudisha nguvu zote. Mita ya shirika ilirekodi kila kitu. Walikuwa wameshazidisha mara moja, kabla sijaja, wakaandikiwa barua kwamba ikitokea tena mkataba umekufa. Mkataba ukifa, mgao unarudi, na mgao ukirudi, vyumba vyote vitatu vinaoza.

Mpango huo ulifanya kazi, nataka hilo lieleweke, maana niliupiga hesabu mwenyewe. Kuanzia saa tisa alasiri nilikivuta chumba cha tatu chini hadi nyuzi sifuri, ili kikifungiwa koki joto lake lipande polepole. Kufika saa nne kilikuwa nyuzi tatu au nne tu. Sharti lilikuwa moja: mlango usifunguliwe. Niliandika kwa wino mwekundu kwenye kadibodi, nikaning'iniza mlangoni, na kuanzia wiki hiyo nikapewa jina la Mama Mgao. Sikuwa na mtoto wa kuitiwa, wakaniazima mgao. Wauza bucha wakiniona natoka chumba cha mitambo na ufunguo wangu walikatiza mazungumzo. Mama lishe mmoja aliwahi kusema nasikia, "Huyu naye, hata salamu akikupa anakupa nusu." Lilikuwa la kuchekesha, na mimi ningelicheka kama lingekuwa la mtu mwingine. Nilikuwa nikifika kazini saa nane mchana, nikitoka saa nne na nusu usiku, na zilikuwapo siku ambazo maneno niliyotamka tangu asubuhi ningeweza kuyahesabu kwa vidole.

Minza ndiye aliyeharibu hesabu hiyo. Alikuwa mpokea nyama, mwenye mizani na funguo za milango, mwanamke wa rika langu, mrefu, mwenye kucheka kabla hajamaliza kusema. Wiki ya pili alikuja chumba cha mitambo na bakuli amelifunika kanga, akaketi juu ya ndoo ya rangi bila kukaribishwa, akasema, "Wewe unakula wapi? Sijawahi kukuona ukitafuna." Ndani ya bakuli mlikuwa na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa vikachemshwa, na kando chupa ya maziwa mgando kutoka kwao Mhunze. Kuanzia siku hiyo tulikula pamoja kila jioni, nikishafunga koki. Siku nyingine alileta ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa na karanga. Alinisimulia habari za watu nisiowajua mpaka nikawajua: mdogo wake Kabula aliyekuwa akichumbiwa, shangazi yake mgomvi, na baba yake, ambaye kwake alikuwa mtu wa kwanza duniani. Mimi sikuwa na mengi ya kusimulia. Nilimfundisha kusoma geji ya kupimia joto la vyumba. Alijifunza kwa siku moja, na baadaye alikuwa akipita mlangoni akiniita, "Mama Mgao, tatu na nusu, niko sahihi?"

Tuligombana kwa jambo moja tu, nalo lilikuwa mlango. Watu wa huku hawasalimiani kwa haraka. Mzee akifika, unamwitikia, unaulizwa ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mvua, nawe unauliza ya kwake, na mwanamke aliyelelewa anapiga magoti mpaka salamu iishe. Huwezi kumkatisha mzee eti baridi inatoka. Mama au babu akija jioni kuulizia nyama yake, Minza alifungua mlango, akaushikilia kwa bega usijifunge, akapiga magoti pale pale kizingitini. Mimi dirishani mwa chumba cha mitambo niliiona baridi ikimwagika juu ya miguu yake kama moshi. Nikamwambia asalimie akiwa amefunga. "Nimsalimie mtu mzima huku nimemfungia mlango?" akasema. "Bora nyama ioze." Tukacheka. Mara nyingi zilikuwa dakika mbili tatu, na hesabu zangu zilizimudu.

Mwezi wa kumi ndipo harusi ya Kabula ilipokaribia. Kwa kawaida kwao ng'ombe wa sherehe huchinjwa asubuhi ya siku hiyo hiyo, akaliwa hajapoa, na wala hakuna anayehitaji ghala. Lakini Mzee Shija alikuwa na binti anayeshika funguo za chumba cha baridi mjini, na alitaka watu wajue. Alisema nyama ya harusi ya mwanawe italala kwenye baridi, Jumamosi itapelekwa Mhunze kwa gari, na wakwe watakula nyama laini kama ya wazungu wa migodini. Akamtoa maksai wake, dume la plau alilolitegemea kila msimu, wakalichinja Ijumaa mchana kwa ndugu yake nje kidogo ya mji. Minza aliniomba nafasi akiwa ameinamisha kichwa, jambo ambalo si lake. Nyama isiyo na muhuri wa bwana nyama, mkaguzi wa serikali, haikuruhusiwa ghalani. Nikamwambia walete. Sikufikiria hata nusu dakika. Nilikuwa nimeombwa kitu na rafiki, na hilo lilikuwa halijanitokea muda mrefu.

Walileta saa kumi na moja jioni kwa mkokoteni, mabeseni sita makubwa, nyama imekatwa na kurundikwa mpaka juu, bado ina joto la mnyama. Fundi yeyote wa baridi anajua hapo nilipaswa kufanya nini. Nyama ya moto haiwekwi kwenye rundo. Inatandazwa au inatundikwa, na inapelekwa kwenye chumba chenye baridi inayotembea. Lakini jioni hiyo hiyo nyama ya migodini ilikuwa imechelewa kuingia, chumba cha kwanza na cha pili vilikuwa vimejaa na joto lake limepanda, na baridi yote niliyokuwa nayo ilikuwa na mwenyewe. Nikayaweka mabeseni chumba cha tatu. Nikamwambia Minza, "Mlango huu usifunguliwe mpaka saa nne. Leo hata mfalme asifunguliwe." Akaapa. Saa kumi na mbili na nusu nikazungusha kitufe, nikafunga koki.

Saa moja wakaja wazee. Mzee Shija mwenyewe na wenzake watatu wa rika lake, wamevaa makoti juu ya mashati meupe katika joto lile, wamekuja kuiona nyama ikiwa imelala. Hawakuwa wamewahi kuona chumba cha baridi. Minza alinitazama kupitia dirisha la chumba cha mitambo, na macho yake yaliniomba, kisha akafungua. Niliwasikia wakicheka pumzi zao zilipotoka nyeupe. Nikatoka kwenda kuwafukuza, nasema kweli, nilitoka na maneno yangu mdomoni. Mzee Shija akageuka akaniona na ovaroli yangu, akanyoosha mikono yote miwili.

"Wewe ndiwe Zuhura? Wewe ndiwe unayetengeneza hii baridi?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mayo. Minza anakutaja mpaka mama yake anauliza kama ana binti mwingine mjini." Akawageukia wenzake akawaeleza kwa Kisukuma, nao wakanisalimia mmoja mmoja, "Mwadila, mayo," yaani habari za jioni, mama, wakinishika mkono kwa mikono miwili, wakaniuliza ya nyumbani, kazi, usingizi, wazazi kama wazima. Walitaka kujua maji yanapitaje kwenye bomba na kugeuka baridi. Nikawaeleza. Kisha wakaja mashangazi wawili, na yule mgomvi mmojawapo, salamu zikaanza upya. Mzee Shija akasema kesho gari likija kuchukua nyama nipande nalo, kwamba nitakaa na dada zake bibi harusi, wala nisijifanye mgeni. Nilikuwa nimeegemea mlango huku nikiongea. Ndivyo nilivyokuja kukumbuka baadaye, kwamba mlango ulikuwa wazi kwa sababu mgongo wangu mimi ulikuwa umeusukuma ukutani na kuushikilia hapo, wala haukuwa bega la Minza. Kadibodi yangu nyekundu ilikuwa nyuma ya kichwa changu. Baridi ilinipita miguuni na nilikuwa na furaha. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile mwaka mzima, na nilijua kabisa inanigharimu nini, kwa kila dakika.

Walipoondoka niliangalia nyuzi kwenye geji. Kumi na mbili. Ilikuwa saa mbili kasoro, na saa mbili nilitakiwa kuandika vipimo kwenye kitabu cha mtambo. Nilikuwa na njia mbili za kuiokoa nyama ile. Ningeweza kupandisha nguvu ya chila na kufungua koki, shirika lione, mkataba ufe. Au ningeweza kuyabana mabeseni kwenye ujia wa chumba cha pili, ambapo saa tatu angekuja msimamizi wa mzigo wa migodini, akute nyama ya nyumbani isiyo na muhuri katikati ya nyama yake. Zote zilinitaka nimwambie Tajiri nimefanya nini. Nikajiambia kufikia saa nne si mbali. Kwenye mstari wa chumba cha tatu nikaandika nne. Saa tatu geji ilisoma kumi na tatu, nikaandika nne tena. Saa nne juu ya alama nikarudisha nguvu zote, nikalala hapo hapo ghalani, na kabla ya alfajiri hewa ya chumba kile ilikuwa nyuzi mbili, safi, baridi kama kawaida. Katikati ya mabeseni joto la maksai lilikuwa bado limekaa, lakini geji hupima hewa tu. Gari lilipakia kabla jua halijachomoza. Nilimwambia Minza najisikia vibaya, sitaweza kwenda.

Jumatatu niliyasikia yote kupitia ukuta wa bati wa chumba cha mitambo, kutoka kwa wapakiaji wawili waliokuwa wakivuta sigara upande wa pili. Mabeseni yalifunguliwa Mhunze saa nne asubuhi mbele ya wakwe, harufu ikawafukuza watu jikoni. "Mzee kachinja kibudu," mmoja akasema. "Dume la plau lilishakuwa linakufa, akaona asipoteze." Mwingine akasema wakwe waliondoka bila kunywa hata maji. Katika nchi ya wafugaji hakuna tusi baya kuliko hilo, kwamba umewalisha wageni mnyama anayejifia. Tajiri akaja, akaitisha kitabu changu, akakisoma huku anafuatisha kwa kidole: nne, nne, mbili. "Mtambo uko sawa," akasema. "Basi ni ng'ombe." Kisha akamwachisha Minza kazi kwa kuingiza nyama isiyo na muhuri. Hakuniuliza mimi nilikuwa wapi ilipoingia.

Minza alikuja kuchukua bakuli lake. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mitambo, hakuketi kwenye ndoo. Macho yalikuwa yamevimba. "Zuhura," akasema, "wewe huwa hudanganyi kwenye vipimo. Mtambo ulikuwa sawa usiku ule?" Nilikuwa na spana mkononi na nikaendelea kuigeuza. Nikasema, "Ulikuwa sawa." Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali, akaondoka. Alikuwa amepoteza kazi na bado hakunilaumu kwa lolote. Nimejiuliza mara nyingi ningempoteza zaidi ya vile kama ningesema kweli, na jibu ni hapana, ningempoteza vile vile, ila baba yake angebaki na jina lake. Nilimaliza mwaka pale nikila peke yangu. Hakuna aliyeniita Mama Mgao tena, hata hilo walilichoka. Baadaye nilipata nafasi ya kufundisha, nikajifunza Kisukuma, nikazeeka kidogo, na kwa miaka kumi na tisa nimewaambia wanafunzi wasiandike kipimo wasichokiona. Wananiona mkali.

Sikwenda kuzika Jumanne. Nilijisingizia mitihani ya kusahihisha. Nilikwenda Ijumaa, na njia nzima nilikuwa nikitamani gari liharibike. Nyumba ya marehemu nilielekezwa upesi. Kaburi lilikuwa pembeni ya ua, udongo bado mbichi, na wazee wachache walikuwa wamebaki chini ya turubai. Minza alikuwa nyuma ya nyumba akichambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amenenepa na nywele zimeanza kuwa na mvi, lakini alinitambua kabla sijafika. Nilimpa pole. Akanisogezea kigoda. Kisha nikamwambia, kwa mpangilio ule ule nilioandika hapa, mpaka kwenye mgongo wangu na mlango.  Mikono yake iliendelea kutoa mawe kwenye maharage.

"Ilikuwa ngapi?" akauliza nilipomaliza.

"Kumi na mbili."

"Ukaandika nne."

"Nikaandika nne."

Akauweka ungo chini. "Mimi nilirudi hapa nikamuuliza," akasema. "Nilimuuliza baba yangu, mbele ya mama, kama yule maksai alikuwa mgonjwa. Kwa sababu wewe uliniambia mtambo ulikuwa sawa. Aliniangalia tu. Hakunijibu, na hatukulizungumza tena mpaka tumemfukia."

Nikamwambia anisamehe. Akasema, "Mimi sikuitwa mchinja kibudu, baba ndiye aliyeitwa," akainuka, akanishika kifundo cha mkono, akanivuta mpaka chini ya turubai. Wawili kati ya wazee wale walikuwa miongoni mwa waliokuja ghalani jioni ile. Mmoja alikuwa haoni tena vizuri. Minza aliniambia niseme, naye atafasiri. Nikasema kwa Kiswahili, sentensi moja moja, maana sikuiamini sauti yangu kwa Kisukuma, na kila sentensi ilirudi kutoka mdomoni mwake kwa lugha yao, sawasawa, bila kupunguza wala kuongeza, hata ile ya mwisho, kwamba nilimdanganya yeye mwenyewe akaja kumshuku baba yake.  Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenikaribisha kuketi.

Yule asiyeona vizuri akaniuliza kwa Kiswahili cha taratibu, "Kwa hiyo yule ng'ombe alikuwa mzima?"

"Alikuwa mzima, babu."

"Shija alituapia," akasema. "Tulikaa naye miaka yote hii, tukanywa naye pombe, na kila alipochinja hatukula kwake."

Akatafuta fimbo yake, akainuka kwa shida, akakataa mkono wa Minza. Alivuka ua peke yake, akipapasa kwa fimbo mpaka ilipogusa udongo mbichi, akasimama hapo ameinama kidogo, kama mtu anayeongea na mwenzake aliyelala. Alisema sentensi moja tu. Nilikuwa mbali, lakini nilielewa. Alikuwa akimwambia kwamba ng'ombe alikuwa mzima.